Meza Karibu na Mlango wa Jikoni

Mume wangu alikataa kupanda meli kwa sababu ng'ombe wetu alikuwa karibu kuzaa.

Binti yetu ni muuguzi huko Uingereza. Nilipostaafu, baada ya miaka mingi ya kufundisha darasa la tatu hapa Kitale, alitulipia mimi na baba yake safari ya baharini ya siku thelathini na tano. Alitupigia simu ya video kutuambia. Mimi nilipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mume wangu aliuliza meli inaondoka lini, akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Haiwezekani. Huyu ng'ombe mara ya mwisho alizaa kwa taabu. Siwezi kumwachia mtu."

"Baba, lakini ni ng'ombe tu," binti akasema kwenye simu.

"Ni ng'ombe wangu," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Baada ya siku mbili alikuja na suluhisho lake. "Nenda na dada yangu," akaniambia, kama mtu anayenipa zawadi ya pili.

Wifi yangu ni mkubwa kwetu sote. Anaishi Matulo, upande wa Webuye, ambako analima miwa na mahindi, lakini kinachomjulisha kwa watu ni upishi. Kukiwa na harusi au matanga kuanzia kwao hadi Bungoma mjini, yeye ndiye husimamia sufuria. Hana mazoea ya kuonja. Humtazama mtu wa kwanza akila, akajua kama chumvi imetosha. Mimi na yeye tulisalimiana vizuri, tulipelekeana kuku wakati wa Krismasi, lakini mazungumzo hatukuwa nayo. Siku ya kuletewa mahari ya binti yetu huyu, wifi alifika kwangu alfajiri, akanitoa katika jiko langu mwenyewe, akatangaza kwamba mchele wangu hushikana. Ulikuwa unashikana, kweli. Lakini kuna ukweli ambao mtu hausemi mbele ya majirani.

Basi binti alitusindikiza mpaka bandari ya Southampton, akarudi kazini, nasi tukabaki sisi wawili, na masweta yetu, na mikoba iliyofungwa kwa leso ili tusiipoteze. Wifi aliinua uso akaitazama meli kutoka chini hadi juu.

"Mulamwa," akaniambia. Hivyo ndivyo kwetu shemeji na mawifi huitana, na yeye huniita hivyo akiwa amefurahi tu. Akikasirika huniita mwalimu. "Mulamwa, hii meri iko na jiko ngapi?"

Katika meli ile, kila abiria alipangiwa meza ya chakula cha jioni, na meza hiyo ndiyo yako mpaka safari iishe. Ni kama viti vya kanisani: hukuchagua jirani, na huwezi kumkwepa. Yetu ilikuwa karibu na mlango wa jikoni. Baadaye nilisikia watu wakisema meza za pale ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu ya kelele za sahani na mlango unaofunguka na kufungwa. Wifi aliona tumependelewa. Kila sahani iliyotoka ilipita mbele yake kwanza.

Tulikuwa watano. Kulikuwa na mzee mmoja Mwingereza, mjane, aliyeendesha treni maisha yake yote. Kulikuwa na mume na mke waliokuwa na duka la maua. Mke alisimulia safari zao zote za meli, bandari kwa bandari, na mume alikubali kwa kichwa. Mhudumu wetu alikuwa mwanamume wa makamo kutoka Ufilipino, mwenye mwendo wa haraka lakini bila papara. Jioni ya kwanza alimwita wifi "Mama," naye wifi akamjibu kwa Kiswahili kirefu sana, kana kwamba huyo bwana amezaliwa Webuye. Mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri. Baada ya siku chache waliacha kunisubiri.

Jioni ya pili tuliletewa samaki mzima, na miiba yake. Mzee wa treni alitazama sahani, akasogeza njegere huku na huko, akasema hana hamu ya kula. Wifi alikuwa amemkazia macho.

"Mulamwa, huyu mzee ana njaa."

"Amesema hana hamu."

"Amesema. Lakini angalia macho yake iko wapi. Iko kwa samaki. Ni mikono ndiyo imekataa."

Nilitazama. Mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka, na alikuwa ameificha chini ya ukingo wa meza. Kabla sijamshika wifi mkono, alikuwa amekwisha kuivuta ile sahani. Alianza na uma, uma ukamchosha, akaingia kwa vidole. Alitoa mfupa wa katikati mzima mzima, akapekua mwiba mmoja baada ya mwingine, akamegamega nyama vipande vidogo, kisha akamrudishia pamoja na kijiko.

"Kula, baba."

Mwenye duka la maua aliweka uma wake chini. Mumewe alitazama dari. Mimi niliomba meli izame kidogo tu, kiasi cha kutusahaulisha jambo lile. Mzee alimtazama wifi, akatazama sahani, akachukua kijiko. Alikula mpaka akamaliza. Halafu akanigeukia, na hayo yakawa maneno yake ya kwanza ya maana tangu tuketi naye:

"Muulize kama wanaweza kuleta mwingine."

Mhudumu alikuwa amesimama nyuma yetu na ameona yote. Alipotea mlangoni, akarudi na samaki wa pili ambaye tayari ametolewa miiba. Alipomweka mezani, yeye na wifi walitazamana kama mafundi wawili wa kazi moja.

Jioni ya tatu, viti vya wale wenye duka vilikuwa vitupu. Mkuu wa wahudumu alikuja kutuambia, kwa sauti ya upole, kwamba wameomba kuhamia mahali penye utulivu zaidi.

Nilimaliza chakula changu pale mezani. Lakini asubuhi yake sikwenda kunywa chai. Nilibaki chumbani, nikamwambia wifi yote yaliyokuwa yamenijaa.

"Hapa si Matulo. Hapa huwezi kuingiza mkono katika sahani ya mtu usiyemjua. Umetuaibisha."

"Ati nimekuaibisha, mwalimu? Ulitaka mzee alale njaa ndiyo wazungu waseme mimi ni mstaarabu?"

"Ndivyo ulivyo siku zote! Hata kwangu. Ulinitoa jikoni kwangu, mbele ya watu, ati mchele unashikana!"

Wifi aliketi kitandani. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa habari za kifo cha zamani.

"Kumbe ni mchele? Miaka hii yote umeninyamazia, ni ule mchele?"

"Ni ule mchele."

"Mulamwa, siku hiyo ulikuwa unalia. Ulikuwa umesimama juu ya sufuria, machozi inaingia ndani. Wageni wako nje, wamekuja kuchukua mtoto. Ningewaambia nini? Mama ya msichana analia, hataki? Nikasema mchele. Nikakutoa uende uoshe uso."

Nilikaa chini na mimi. Nilikumbuka. Nilikuwa nimelia, tena sana, na niliamini hakuna aliyeniona.

"Kwa hiyo mchele haukuwa umeshikana?"

"Ah, huo ulikuwa umeshikana pia," akasema. "Hapo sikukusingizia."

Sijui nani alianza kucheka. Ninachojua ni kwamba tulipotulia tulisikia mtu wa tatu akicheka. Mlangoni alisimama msichana mwenye sare ya wasafishaji, amekumbatia taulo, na macho yake yamejaa machozi.

"Samahani jameni. Nilibisha, hamkusikia. Halafu nikasikia shangazi anasema 'machozi inaingia ndani'. Nikajua hawa ni watu wa kwetu."

Alikuwa binti wa Kiislamu kutoka Bungoma mjini, nyumba yao iko nyuma ya msikiti. Kila asubuhi alikuwa akitandika vitanda vyetu tukiwa tumekwenda kunywa chai, na hatukuwahi kuonana. Alikuwa na miezi saba majini. Wakenya wengine walikuwepo melini, akasema, lakini wengi ni wa pwani, na Kiswahili chake kiliwachekesha.

"Wananiambia naongea kama redio imeanguka. Si wabaya. Lakini nikichoka, sitaki kuchekwa."

"Na unakula?" wifi akauliza.

"Nakula, shangazi."

"Na nani?"

Msichana alikunja taulo ambayo ilikuwa imekunjwa tayari. "Nakula nikisimama. Halafu narudi kazi."

 Wifi alisimama akashika upande wa pili wa shuka. "Shika huko, tutandike."

"Shangazi, mtanifutisha kazi!"

"Basi funga mlango."

Jioni hiyo wifi aliniamuru nitafsiri vizuri, bila kupunguza neno. Alimweleza mhudumu wetu kwamba huko chini, wanakokula wafanyakazi, kuna mtoto wake anayekula amesimama. Mhudumu alisikiliza huku ameshika birika. Hakutoa ahadi yoyote. Kesho yake alipotuwekea mkate, aliinama akaniambia, "Mwambie Mama: ameketi nasi. Wali na kuku. Sahani mbili." Tangu siku hiyo alituletea taarifa kila jioni, kabla hata ya kutuambia kuna supu gani, na mzee wa treni akaanza kuuliza yeye mwenyewe: "Na yule msichana, leo amekula nini?"

Kulikuwa na visiwa ambavyo pasipoti zetu hazikuruhusu tushuke. Binti yangu alikuwa amenieleza mapema, na niliogopa kwamba siku hizo zitakuwa za huzuni, sisi wawili tukiangalia nchi ya watu kwa mbali. Zikawa ndizo siku bora. Abiria walishuka wote asubuhi na kofia zao, meli ikabaki tupu kama shule wakati wa likizo. Mzee wa treni naye hakushuka, kwa sababu ya miguu. Tulikula mchana sisi watatu katika ukumbi mzima, na wahudumu waliokuwa hawana haraka walitujia mmoja mmoja. Mhudumu wetu alitutolea picha za binti yake, aliyekuwa akijifunza kuendesha baiskeli. Alimfundisha kwa simu, akasema: yeye huku anapiga kelele "kanyaga," mtoto huko anaanguka. Mzee alitueleza jinsi ya kusimamisha treni ndefu bila kumwaga chai ya abiria. Alitumia vijiko vyote vya meza kutuonyesha, na wifi akauliza maswali ya maana kuliko yangu.

Siku moja ya namna hiyo simu ililia kutoka Kitale. Ng'ombe alikuwa amezaa salama, ndama jike. Mume wangu aliongea dakika kumi juu ya ndama, kisha akakumbuka kuuliza kama sisi tuko hai.

Katika kisiwa cha pili au cha tatu, mhudumu alituombea ruhusa, tukapelekwa kuona jikoni. Tulivalishwa kofia za karatasi. Mimi niliona chuma kinachong'aa tu, lakini wifi alitembea polepole kama mtu aliye katika nyumba ya ibada. Alifika kwa mpishi mkuu, mwanamume mnene mwenye nyusi nyeupe, akaniambia nimuulize anajuaje kama chumvi imetosha kwa watu wote hawa.

"Ninaonja," mpishi akajibu.

"Mwambie mimi siamini ulimi wangu. Ukipika tangu asubuhi, ulimi unalala. Mimi naangalia uso wa mtu wa kwanza."

Nilipotafsiri, mpishi alicheka mpaka kofia ikamtelezea. Akatushika mikono, akatupeleka kwenye ule mlango. Ulikuwa na kioo kidogo cha duara. Akatuonyesha tuchungulie. Nilichungulia: meza ya kwanza kabisa mbele ya macho yangu ilikuwa yetu, na mzee wa treni ameketi peke yake akipanga vijiko.

"Na mimi pia," mpishi akasema. "Kila jioni nasimama hapa. Siwezi kuwaona wa kule dirishani. Nyinyi ndio ninaowaona. Nilimwona mama huyu na samaki."

Tulielewa basi kwa nini tangu siku ile samaki wa mzee alikuja hana mwiba hata mmoja, bila mtu kuagiza. Sisi tulidhani ni mhudumu. Mhudumu naye alidhani ni sheria mpya.

Tuliporudi chumbani wifi alivua kofia yake ya karatasi. Halafu akasema, "Mulamwa, kumbe huyo anapika akituangalia sisi. Leo jioni tusikunje uso."

Kuanzia hapo tulikula kama watu wanaotazamwa na rafiki. Chakula kikituzidi uzuri, wifi aliinua mkono kuelekea mlangoni, na mpishi akagonga kioo kwa ndani. Mzee naye akajifunza kuinua mkono, ule unaotetemeka, bila kuuficha. Tulicheka sana pale. Pengine tulicheka kupita kiasi.

Ilikuwa katika wiki ya tatu. Tulikuwa tumeanza supu nilipoona mtu amesimama nyuma ya kiti kitupu, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Ni yule mama wa duka la maua, na mumewe nyuma yake.

"Kuna mtu anaketi hapa?" aliuliza.

Nilitafsiri, ingawa haikuhitajika. Wifi alikuwa tayari amevuta kiti.

"Mwambie viti havijaenda mahali."

Waliketi. Mume, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, alisema kwamba kule dirishani bahari ni nzuri lakini watu hulinganisha vyumba na magonjwa tangu supu mpaka kahawa. "Na tulikuwa tunawasikia mkicheka huku," akaongeza. "Nilishindwa kumeza."

Mkewe alingoja mpaka mzee alipokuwa akizungumza na mhudumu, akaniinamia. "Naomba umwambie dada yako jambo moja. Hatukuondoka kwa sababu ya vidole vyake. Mimi niliona tangu jioni ya kwanza kwamba yule mzee hawezi kushika uma. Niliona, nikanyamaza, nikaita kunyamaza kule adabu. Yeye alipofanya alichofanya, sikuweza kumtazama."

Nilimtafsiria wifi neno kwa neno. Alifikiri kidogo.

"Mwambie mimi nina kelele, yeye ana haya. Kila mtu ana yake. Na amsaidie mzee na hiyo nyama, mimi mkono umechoka."

Mkono wake haukuwa umechoka. Mama wa maua alivuta sahani ya mzee, akamkatia nyama vipande vidogo vilivyolingana, kama mtu anayepanga shada. Mzee akamshukuru, akaniuliza kwa sauti ya kusikika na wote kama sasa atakuwa na watumishi wawili.

Siku zilizobaki zilikwisha haraka. Siku ya mwisho msichana wa Bungoma alikuja chumbani na kifurushi kidogo: mtandio aliomnunulia mama yake bandarini, na picha yake akiwa na sare.

"Mwambieni mama niko sawa. Simu ya huku inakatakata, anadhani namficha kitu."

Tulifika nyumbani, nikapumzika wiki moja, nikamwona ndama. Kisha wifi akanipigia simu kwamba tukutane Bungoma.

Nyumba tuliipata kwa urahisi. Mama yake msichana ni fundi wa cherehani, hushona sare za shule, na kulikuwa na kola za bluu zimetapakaa kila mahali. Alitukaribisha, akajifunga ule mtandio papo hapo, akaitazama picha mbele na nyuma kana kwamba kuna maandishi. Halafu akauliza swali lake, na hakuniuliza mimi mwalimu, alimuuliza wifi.

"Sasa dada, niambie ukweli. Mtoto wangu anakula na nani?"

Wifi akaanza tangu mwanzo. Akamweleza juu ya meza ya Wafilipino huko chini, wali kila siku, kuku, samaki wa Ijumaa, nani huketi kulia na nani kushoto, mambo ambayo mhudumu alitupa jioni kwa jioni na ambayo mimi nilikuwa nimesahau nusu yake.

"Na hao Wafilipino ni watu gani?"

"Ni watu wa mchele, kama nyinyi. Hakuna shida."

Mama alicheka, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akaenda kupakua pilau. Tulikuwa bado tunanawa mikono simu yake ilipolia. Alikuwa ni msichana. Meli imetia nanga mahali penye mtandao mzuri. Alikuwa mezani. Akaigeuza simu kuzunguka, na nyuso zikapita mbele yetu moja moja, watu wenye sare na vijiko, mpaka ikafika kwa mhudumu wetu. Alipomwona wifi alisimama akapiga kelele, "Mama!"

Wifi akamjibu kwa Kiswahili kirefu sana. Fundi wa cherehani naye akaingia, akiwashukuru wote kwa pamoja, akiwauliza kama wanapata mboga. Huko waliitikia kila kitu. Mimi niliacha kutafsiri nikaanza kula.

Tuliondoka jua likiwa bado kali. Wifi alishuka Matulo, akasimama kando ya barabara akipunga mkono, akanipigia kelele kwamba Jumamosi anakuja Kitale kuangalia huyo ndama mnayemsifu.